Risasi ya Bure: Sababu Kumi za Kuiacha Ulipoikuta

Marekani kuna watu wenye mapenzi ya ajabu na risasi za jeshi zilizobaki ghalani. Huzinunua dukani ndani ya makopo ya bati, huyafungua, hunusa, husifia mwaka na nchi zilikotoka kama wanywaji wa mvinyo, kisha Jumamosi huenda kulenga mbao. Wana vitabu, wana vipimo, wana miwani ya kukinga macho, na bado wapo waliopasukiwa na bunduki mikononi.

Sisi wa Masisi, mashariki mwa Kongo, hatuhitaji duka. Huku risasi huvunwa pamoja na viazi. Mama analima Mushaki au Nyabiondo, jembe linalia "ting!", na safari hii si jiwe la volkeno. Vita vimepita juu ya udongo huu kwa zamu. Vya 1993 vilianzia sokoni Ntoto, kule Walikale. Vikaja vya 1994 na 1996, na majeshi yaliyovuka kutoka Rwanda. Ikaja miaka ya waasi wa RCD. Desemba 2007 Mushaki ilitwaliwa na jeshi la serikali na siku chache baadaye ikarudi kwa waasi wa CNDP. Wakaja waasi wa M23 mwaka 2012, kisha M23 iliyorudi: Kitshanga Januari 2023, Rubaya Aprili 2024, Masisi mjini Januari 2025, Walikale mjini Machi 2025. Kila aliyepita alidondosha kitu, na hakuna aliyerudi kuulizia.

Panapookotwa risasi hapakosekani fundi mdomo. Mnamjua. Hajawahi kuvaa gwanda, lakini akishapata kikombe cha pili cha kasiksi, pombe ya ndizi, anakwambia AK ilivyofungwa hadi msumari wa mwisho. Ukimwambia "iache," yeye ana "lakini." Orodha hii ni yake. Tunaanzia kumi, penye wepesi, maana tukianzia penye uzito atakumbuka kwamba ng'ombe wake hawajanywa maji.

10. Jina ni moja, watu ni watatu

"Muzee, hii ni saba sitini na mbili. Saba sitini na mbili ni saba sitini na mbili!"

Sawa. Na Bahati wa Sake ndiye Bahati wa Pinga? Mpelekee mmoja deni la mwenzake uone.

Ziko walau risasi tatu zinazobeba jina hilo. Ipo 7.62×39 ya AK, fupi. Ipo 7.62×51 ya nchi za NATO, iliyolishwa bunduki za FAL zilizotoka Ubelgiji. Ipo 7.62×54 yenye ukingo kwenye kitako, bibi kizee aliyezaliwa Urusi mwaka 1891 na ambaye hadi leo anafanya kazi ndani ya PKM. Na kituko ni kwamba hata moja kati ya hizo haina kichwa chenye unene wa milimita 7.62. Cha AK kina karibu 7.9, cha NATO karibu 7.8. Hiyo 7.62 ni kipimo cha tundu la mtutu kabla ya mifereji kuchongwa.

Hata zile zinazoingia vizuri zinaweza kukudanganya. Risasi ya kijeshi ya 5.56 inaingia bila ubishi katika bunduki ya kiraia iliyoandikwa .223, lakini nafasi iliyo mbele ya chemba si ileile, na shinikizo linaweza kupanda kupita lile ambalo bunduki ilikusudiwa kulibeba. Wewe wa Arusha au Nanyuki mwenye leseni na bunduki ya kuwindia, soma maandishi ya kwenye mtutu, soma ya kwenye boksi, yafanane herufi kwa herufi. Kama hakuna boksi, hakuna mjadala.

9. Rangi zake hazielewani

Fundi mdomo anajua rangi pia. "Ncha ya kijani ni ya kawaida tu." Kwa 5.56 ya NATO amepatia: kijani ni risasi ya kawaida yenye ncha ya chuma ndani. Kwa risasi ya AK ya Kirusi amekosea vibaya: kijani ni ile inayowaka njia nzima ili mpigaji aone inakokwenda. Nyeusi iliyofungwa ukanda mwekundu hutoboa chuma na kuwasha moto.

Mpige paa wa Walikale kwa risasi inayowaka na umefanya mambo matatu kwa mpigo: umechoma nyama, umechoma shamba la mtu, na umewaonyesha wote wenye bunduki ng'ambo ya mto mahali ulipojificha.

8. Ina chumvi

Fataki, ile sehemu ndogo ya kitako inayogongwa na pini, katika risasi nyingi za zamani za kijeshi ilitengenezwa kwa kloreti ya potasiamu. Ikilipuka inaacha kloridi ya potasiamu ndani ya mtutu, na hiyo ni chumvi, ndugu wa damu wa ile ya mezani. Chumvi hunywa unyevu. Sasa hebu niambie: ni wapi pana unyevu kuliko Walikale? Mahali ambapo shati lililoanikwa Jumatatu linaanikwa tena Alhamisi, mtutu wenye chumvi ukilala siku moja unaamka na kutu.

Kupaka mafuta hakuisaidii bunduki hiyo, kwa kuwa mafuta hayayeyushi chumvi. Dawa yake ni maji, tena ya moto, kisha kukausha, halafu ndipo mafuta. Askari wa Mwingereza waliobeba Lee-Enfield walimimina maji yaliyochemka ndani ya mtutu baada ya kupiga. Kwa Mwingereza, birika lilikuwa na kazi mbili.

7. Hujui ililala wapi

Risasi iliyotunzwa mahali pakavu na pa baridi inaweza kukaa miaka mingi sana ikabaki nzima. Hiyo ndiyo hoja ya wale Wamarekani, na ni ya kweli. Lakini ya kwako haikulala ghalani. Ililala kwenye tope la Nyabiondo, kisha juu ya dari, juu ya jiko, kwa moshi wa miaka. "Iko mupya bado, angalia inang'aa!" Inang'aa kwa sababu umeisugua kwa mchanga. Hata sufuria inang'aa.

Baruti iliyoharibika ina tabia mbili mbaya. Ya kwanza ni kuchelewa. Unavuta kifyatulio, inasema "klik," kimya, unageuza bunduki uchungulie, na hapo ndipo inapoamua kuondoka. Kwa hiyo mwenye bunduki halali akisikia "klik" huacha mtutu ukielekea palipo salama na kungoja walau sekunde 30, wengine dakika nzima, kabla ya kuitoa risasi hiyo. Ya pili ni unyonge. Badala ya mlio unasikia "pff," kama mtu aliyechoka na ndoa. Kichwa cha risasi kimekwama katikati ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu unapasuka, na aliye karibu na mtutu huo kuliko mtu yeyote ni wewe, shavu lako likiwa limelala juu ya kitako cha bunduki.

6. Pupu haijui hesabu

Hapa nakuwa mfupi kwa sababu hesabu yenyewe ni fupi. Katika viwango vya Ulaya, risasi ya kawaida ya bunduki ya kaliba 12 inaruhusiwa shinikizo la juu la megapaskali 74. Ile ya AK inaruhusiwa 355. Karibu mara tano. Sasa chukua ile bunduki iliyofuliwa na mhunzi kutoka kwenye bomba, ambayo sehemu nyingi za Kongo huitwa pupu, na ambayo hata na kaliba 12 hupiga huku mwenyewe amefumba macho. Anayefikiria kuilisha chakula cha AK aage kwanza.

5. Huenda iliachwa makusudi

"Waliikimbia tu, Muzee. Walikuwa na haraka."

Pengine. Lakini miaka ya 1960, katika vita vya Vietnam, Wamarekani walikuwa na mpango wa siri ulioitwa Eldest Son. Walichukua risasi za AK, wakatoa baruti, wakaingiza kilipuzi kikali, wakazifunga upya zikaonekana safi kabisa, halafu wakazichomeka moja moja katika akiba za adui. Askari akipiga, bunduki inamlipukia usoni. Hawakuhitaji nyingi. Walichotaka ni adui aanze kuogopa risasi zake mwenyewe.

Sisemi kwamba mtu fulani amefanya hivyo Masisi. Nasema kwamba risasi isiyo na boksi wala muuzaji, iliyopita mikono mitano ya watu waliochukiana, haina wa kuidhamini. Hata mbuzi sokoni Mubi huulizwa katoka kwa nani.

4. Dawa haifanyi kazi upande huu

Fundi mdomo akishindwa kwa hoja za chuma hukimbilia kwa babu. "Ukiinyunyizia maji ya mzee fulani, haitakudhuru."

Hili nalijibu kwa heshima, maana historia yake ni ndefu na imelaza wengi. Mwaka 1905 kule Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji ya kugeuza risasi za Mjerumani. Wajerumani walimnyonga mwaka huohuo, na Vita vya Maji Maji vikaendelea hadi 1907. Mwaka 1964 waasi wa Simba wa Kongo walikwenda vitani na dawa. Wanamgambo wetu wa Mai-Mai wanabeba jina la maji hadi leo. Na kila dawa ina masharti: usile kitu fulani, usimpe mtu mkono, usirudi nyuma. Mtu akifa, wa kulaumiwa ni yeye aliyekula sombe siku isiyo yake. Mganga hajawahi kushindwa kesi.

Risasi kwa upande wake haina sharti hata moja. Haiulizi ulikula nini. Na tukitaka mambo ya wazee, basi twende kwa Wanyanga wenyewe wa Walikale: shujaa wao Mwindo alizaliwa akitembea na kuongea, mkononi ameshika conga, mwengo wake wa mkia. Kwa huo alifika hadi kuzimu na kurudi. Hakuokota kitu shambani.

3. Ina kitambulisho, wewe huna

Igeuze risasi (yaani, mwangalie mtaalamu akiigeuza) utaona kwenye kitako namba na herufi. Mara nyingi ni kiwanda na mwaka. Afrika Mashariki ina viwanda vyake: Eldoret nchini Kenya, Mzinga pale Morogoro, Luwero Industries huko Nakasongola, Uganda. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia silaha Kongo, wale waliowekwa kwa azimio 1533 la mwaka 2004, hupiga picha vitako hivyo na kuuliza nchi zilizotengeneza: hii ilifikaje hapa? Risasi ya Masisi ina kiwanda, ina mwaka wa kuzaliwa, ina watu New York wanaoiulizia habari. Raia wa Masisi, Desemba 2023 Wakongo wenzake walipokwenda kupiga kura, yeye hakupiga, vita vilizuia. Na huku kadi ya kura ndiyo kitambulisho; asiyeandikishwa hana.

Sasa mtu huyo asiye na kadi atie risasi hiyo mfukoni, aende zake sokoni. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS walihesabu katika Kivu zote mbili karibu vizuizi 800 vya barabarani. Kwenye bariyeri ya kwanza ni Wazalendo, wanamgambo wa upande wa serikali: "Wewe ni M23." Ya pili ni M23: "Wewe ni Mzalendo." Ya tatu ni askari wa serikali, yeye hakutukani, anauliza swali moja tu: "Na bunduki yake iko wapi?" Jaribu kueleza kwamba ulikuwa unalima viazi.

Sheria nayo imekaa upande wao. Amri-sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 kuhusu silaha na risasi inaweka zana za kivita mbali na raia, na haisemi kwamba moja moja ni ruhusa. "Nilikuwa nampelekea chifu" ni maneno mazuri, ila ndiyo maneno ya kila mtu. Usiibebe hata kwa nia ya kuikabidhi. Mwite anayehusika aifuate ilipo.

"Lakini Katanga walikuwa wanapewa baiskeli!" Kweli, Mchungaji Daniel Ngoy Mulunda na shirika lake la PAREC walikuwa wakipokea bunduki na kutoa baiskeli. Bunduki, ndugu yangu. Kwa risasi moja yenye kutu utapewa kengele.

2. Moto hauchagui

Sinema zinasema risasi ikitupwa motoni inaruka kama imepigwa. Ukweli ni mdogo zaidi na mbaya vilevile: bila mtutu wa kuishika, ganda ndilo linalopasuka, na vipande vya shaba pamoja na fataki hutawanyika. Havifiki mbali. Vinafika machoni. Hiyo ni risasi ndogo, ya kawaida. Zile kubwa za kuanzia milimita 20 zinaweza kuwa na kilipuzi ndani, na hizo jiko zima haliwezi kuzimudu.

Nawataja wanunuzi wa vyuma chakavu hapa kwa sababu shaba ina bei na njaa ina sauti. Maganda matupu yana maisha baada ya vita: Freddy Tsimba wa Kinshasa ameyachomelea yakawa sanamu za wanawake wajawazito na watu wanaokimbia, na sanamu hizo zimefika Paris. Matupu. Iliyo nzima haiendi kwa mchomeleaji, haigongwi kwa nyundo, haipasuliwi ili kutoa baruti.

Na usiseme utaiweka mahali salama. Jeshi la Tanzania lilikuwa na maghala, walinzi na uzio. Mbagala ililipuka tarehe 29 Aprili 2009, Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, na kila mara watu zaidi ya ishirini walikufa, makombora yakiangukia nyumba za watu waliokuwa wakipika. Ng'ambo ya mto Kongo, ghala la Mpila jijini Brazzaville lilipolipuka tarehe 4 Machi 2012, waliokufa walikuwa karibu 300. Mbuji-Mayi, Januari 2014, haikuhitajika hata sigara: radi ilipiga ghala la silaha. Sasa sikia hii, wewe mwenye sanduku chini ya kitanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kwa vipimo vya setilaiti uliorodhesha sehemu kumi zinazopigwa radi kuliko zote duniani, na Sake imo. Sake yetu hii ya Masisi, ya njia panda na samaki wa kukaanga.

Fundi mdomo, kwa mara ya kwanza, amenyamaza. Tumwache avute pumzi.

1. Haikuja peke yake

Hii haina utani mwingi.

Palipodondoka risasi palipiganwa, na palipopiganwa kuna vitu vingine vilivyobaki: guruneti, bomu la mota, kichwa cha roketi ya RPG. Kombora ambalo halikulipuka halijafa. Mengi kati ya hayo hufunguka usalama wake yanapopigwa au yakiwa angani, kwa hiyo lile ulilolikuta limejichimbia kwenye shamba la maharagwe limeshamaliza hatua zote isipokuwa ya mwisho. Kinachoweza kuikamilisha ni jembe, kwato la ng'ombe, moto wa kusafishia shamba, au mtoto anayetaka kujua kama ndani kuna kitu.

Watoto ndio sababu hii imekaa namba moja. Mtu mzima anaokota kwa tamaa, na tamaa unaweza kuizungumzia kwenye kasiksi. Mtoto anaokota kwa sababu ni duara, ni kizito, kinang'aa, na mwenzake hana. Akishamwona baba amepanga risasi tatu juu ya dirisha kama mapambo, amefundishwa kwamba vitu hivi huletwa nyumbani. Mara ya nne ataleta mwenyewe, na haitakuwa risasi.

Ukikuta chochote, simama. Usiguse, usirushie jiwe, usimwagie maji, usipige simu huku umeinama juu yake. Rudi kwa nyayo zako zilezile ulizojia. Ukiwa mbali, weka alama ambayo watu wa kijiji wanaielewa, matawi yaliyopishanishwa au kitambaa chekundu mtini, kisha mwambie chifu wa kijiji, mwalimu, muuguzi wa kituo cha afya au mtu wa Msalaba Mwekundu, ili habari ifike kwa wategua mabomu. Wakichelewa, na mara nyingine huchelewa sana huku, lindeni alama hiyo mvua isiibebe.

Na nyinyi walimu wa Masisi na Walikale, ambao darasa lenu leo liko chini ya mwembe na kesho liko kambini: dakika tano kabla ya hesabu zinatosha. Mchoreeni mtoto guruneti ubaoni, bomu la mota, risasi. Mfundisheni kusimama, kurudi alikotoka na kumwita mtu mzima. Kisha mtumeni nyumbani akamuulize baba yake kuhusu zile tatu za dirishani.